Mtoto anataka 'mambo ya kompyuta': njia kutoka Bukoba na Muleba ni zaidi ya moja

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, majira ambayo Kagera senene wanaanza kuruka. Vijana hurudi nyumbani, wengine wakikesha na taa na mapipa kusubiri senene, na kwa miezi miwili hivi habari za shule huwekwa pembeni. Kisha mwishoni mwa Januari NECTA inatangaza matokeo na simu zinaanza kuita. Baba yuko Nshamba, shangazi yuko Bukoba mjini, kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, na wote wana swali moja: sasa huyu anakwenda wapi?

Kwa miaka ya karibuni, jibu la watoto wengi limebadilika. Zamani lilikuwa udaktari, sheria, ualimu au uhandisi. Leo mtoto anasema anataka "mambo ya kompyuta", na mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hakuna mtu mezani anayejua swali la pili ni lipi. Mkoa huu umesomesha watu kwa muda mrefu. Majina ya Ihungo, Kahororo, Nyakato, Rugambwa na Seminari ya Rubya yanajulikana nchi nzima, na karibu kila kijiji kina familia iliyotoa daktari au wakili. Ukitaka kujua njia ya kufika Muhimbili, yupo mzee wa kukueleza. Njia ya kufikia kazi ya kutengeneza programu za kompyuta haina mzee wa namna hiyo. Si ajabu: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya zuio hilo kulegezwa. Wazazi wengi wenye miaka 50 leo walimaliza shule bila kuigusa.

Pengo hilo la maarifa lina bei yake. Mtoto asipopangwa kidato cha tano, na mtu akileta kipeperushi cha chuo fulani cha TEHAMA kilichoko mbali, familia huanza kutazama kitu cha thamani ilichonacho. Kwa Muhaya kitu hicho mara nyingi ni kibanja. Kibanja si shamba tu. Kina migomba na mibuni, na mara nyingi makaburi ya babu yamo humo, na ukoo una neno la kusema kabla hakijauzwa. Kukiweka rehani kwa ajili ya karo ni uamuzi mzito. Kukiweka rehani kwa ajili ya karo ya kozi ambayo haitambuliki ni msiba, tena msiba unaoweza kuzuiwa kwa nusu saa ya kuuliza.

Kozi ya kompyuta na fani ya TEHAMA

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye maneno. Mjini Bukoba, na hata Muleba, kuna sehemu zinazofundisha "kompyuta" kwa miezi mitatu: kuandika barua, kutengeneza jedwali, kutuma barua pepe, kuchapa. Ni ujuzi mzuri na kila kijana anauhitaji, awe anakwenda kuwa muuguzi au mhasibu. Lakini huo ni ujuzi wa kutumia kompyuta. Haumfanyi mtu awe na taaluma ya kompyuta, kama vile kujua kuendesha bodaboda hakumfanyi mtu kuwa fundi wa injini. Mzazi aliyelipia miezi mitatu kisha akasubiri mtoto aajiriwe benki amesubiri kitu ambacho cheti hicho hakikuahidi.

TEHAMA yenyewe nayo si kazi moja. Kuna anayetengeneza na kuhudumia mashine na printa. Kuna anayeunganisha mitandao: kupanda minara, kuvuta nyaya, kuhakikisha ofisi ina intaneti. Kuna anayeandika programu, yaani maagizo yanayoifanya simu itume fedha au hospitali itunze faili la mgonjwa. Kuna anayechambua takwimu, na kuna anayelinda mifumo isiibiwe. Fundi wa mitandao anaweza kuanza kazi akiwa na stashahada na mikono isiyoogopa ngazi. Mwandishi wa programu anahitaji miaka ya kukaa na tatizo moja lililogoma. Mtoto anayependa kufungua redio iliyokufa na mtoto anayependa mafumbo ya hesabu wote wanaweza kusema wanapenda kompyuta, na wote wakawa sahihi, ila wanahitaji shule tofauti.

Mtoto anayeshinda kwenye TikTok na michezo ya simu ni suala lingine. Kupenda simu hakuthibitishi chochote, kama ambavyo kupenda pilau hakumfanyi mtu mpishi.

Alama ya Hisabati

Ukikaa na cheti cha kidato cha nne mkononi, somo la kutazama kwanza ni Hisabati. Katika mtihani wa mwaka 2022, kwa nchi nzima, waliofaulu somo hilo walikuwa karibu mmoja kati ya kila watano. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi zinazotafuta njia ya TEHAMA zinaitafuta zikiwa na F ya Hisabati kwenye karatasi.

F hiyo haifungi milango yote. Ngazi ya kuingilia vyuo vya kati, yaani NTA ngazi ya 4, kwa kawaida hudai ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na vipo vyuo vinavyopokea wanafunzi wa TEHAMA kwa kigezo hicho. Lakini vyuo vya uhandisi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) huangalia Hisabati na masomo ya sayansi. Hata chuo kikipokea F, mwanafunzi ataikuta Hisabati darasani ikimsubiri. Na akifika mlango wa shahada miaka mitatu baadaye, vyuo vikuu vingi vitarudi kukagua cheti kile kile cha kidato cha nne.

Kwa hiyo kuna hatua moja ya bei nafuu ambayo wazazi wengi huiruka: kurudia somo moja. Kijana anaweza kujisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya Hisabati tena Novemba. Usajili hufunguliwa mapema mwaka, ukipita umepita. Mwaka mmoja wa kusoma Hisabati tu, akisaidia nyumbani na kufundishwa na mwalimu wa jirani, unaweza kuwa na faida kuliko mwaka wa kwanza wa chuo aliouingia akichechemea.

Kidato cha tano au chuo

Sasa njia zenyewe. Chukua mfano wa watoto wawili wa Kamachumu, majirani, waliomaliza kidato cha nne Novemba 2025. Wa kwanza ni binti mwenye daraja la pili, C ya Hisabati na C ya Fizikia. Wa pili ni kijana mwenye daraja la nne, D kadhaa na D ya Hisabati.

Binti anaweza kwenda kidato cha tano. Tahasusi zinazompeleka TEHAMA bila wasiwasi ni zile zenye Hisabati ya juu: PCM, PGM, EGM. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingine, zikiwemo zenye somo la Sayansi ya Kompyuta, ingawa mzazi anatakiwa kuuliza shule ipi hasa inafundisha somo hilo na ina mwalimu wake na chumba chake. Mwenye PCB au CBG hajafungiwa kabisa, maana baadhi ya vyuo hukubali Hisabati ndogo inayosomwa kama somo la nyongeza, lakini uchaguzi wake unakuwa mwembamba. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, hivyo gharama inayobaki ni nauli, sare, vifaa na michango iliyomo kwenye fomu ya kujiunga. Ataanza Julai 2026, atafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028, ataingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo. Shahada ya Sayansi ya Kompyuta kwa kawaida ni miaka 3, za uhandisi wa kompyuta na uhandisi wa programu ni 4. Anamaliza 2031 au 2032.

Kijana jirani hawezi kidato cha tano. Anaomba chuo, anaingia NTA ngazi ya 4 mwishoni mwa 2026, anapanda ngazi ya 5, kisha ya 6. Katikati ya 2029 ana stashahada. Kama wastani wake, ile GPA, haupungui 3.0 na cheti chake cha kidato cha nne kina ufaulu wa masomo manne, anatimiza kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha kuomba shahada. Anaingia chuo kikuu mwaka huo huo na kumaliza 2032 au 2033.

Tofauti ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Na mwaka 2029, wakati binti hana cheti kingine zaidi ya kile cha kidato cha sita, kijana ana stashahada inayoweza kumpa kazi, akajisomesha mwenyewe huko mbele. Yule binti wa PCM akianguka kwenye mtihani wa kidato cha sita akapata alama kuu moja tu na nyingine ndogo, atarudi chuo cha kati naye, ila ataruka mwaka wa kwanza na kusoma stashahada kwa miaka miwili.

Haya yote hayasemi kwamba chuo ni bora kuliko kidato cha tano. Binti mwenye uwezo wake akipewa nafasi ya PCM, mahali pake ni huko. Hisabati ya kidato cha sita inamjenga kwa namna ambayo chuo cha kati mara nyingi hakifanyi, na mkopo wa shahada unapatikana kwa wengi zaidi. Kinachosemwa ni kwamba kijana wa daraja la nne hajafeli maisha, na baba hana sababu ya kumficha wageni wakija.

Ipo pia njia ya VETA, ambayo Kagera imepata bahati nayo. Chuo cha VETA cha mkoa kilichojengwa Burugo, Bukoba Vijijini, kwa msaada wa Serikali ya China, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2022. Fani kama umeme na elektroniki huzaa mafundi wazuri wa mitandao na wa mashine, kwa sababu kompyuta nayo inakula umeme. Mwenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya 3 anaweza kuendelea na NTA ngazi ya 4 katika fani inayofanana. Njia ni ndefu, lakini inampa mtoto chakula akiwa bado anaisafiri.

Chuo kiko wapi, na kipo kweli?

Kwa muda mrefu mtoto wa Bukoba aliyetaka shahada ya kompyuta aliaga. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kijitonyama, zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki yake kubwa ya Informatikia. Mwanza ndiko karibu: kuna SAUT pale Malimbe, kampasi za CBE na IFM, na tawi la kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UCC. Usiku mmoja kwa meli kutoka bandari ya Bukoba, asubuhi mtoto yuko Mwanza. Kwa mzazi anayetaka kumwona binti yake wakati wa likizo fupi, hilo ni jambo la kuweka kwenye mizani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimeamua kuja. Kupitia mradi wa HEET, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kampasi yake ya Kagera imejengwa eneo la Karabagaine, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Kabla ya kuitegemea kwa TEHAMA, mzazi aangalie katika kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika ni programu zipi zinadahiliwa huko. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani, na kinafaa zaidi kwa aliyekwisha kupata kazi na nidhamu ya kusoma peke yake. Kumpeleka huko kijana wa miaka 18 ambaye hajazoea kujiamsha ni kumtwisha mzigo.

Watu wa Bukoba wana sababu ya kuuliza mara mbili. Mji huu uliwahi kuwa na vyuo vikuu vishiriki viwili, CARUMUCO na JOKUCo, na leo vyote havipo tena. Chuo kufungwa hakumaanishi aliyesoma hapo alidanganywa, lakini mzazi amejifunza kwamba jengo na bango havitoshi. Kwa vyuo vya kati, mahali pa kuhakiki ni NACTVET, kwa vyuo vikuu ni TCU. Maswali ni mawili na watu wengi huuliza la kwanza tu. La kwanza: je, chuo kimesajiliwa? La pili: je, kozi hii hasa, ya ngazi hii, katika kampasi hii, imeruhusiwa? Chuo kinaweza kuwa halali kwa kozi ya uhasibu na kikafundisha kozi ya kompyuta ambayo haimo kwenye orodha. Stashahada ya namna hiyo haitapata namba ya uhakiki, ile AVN, ambayo mhitimu huitumia anapoomba shahada. Mtoto atagundua siku anayojaza fomu, miaka mitatu baadaye.

Kitabu cha mwongozo cha NACTVET ni bure mtandaoni na husomeka kwenye simu. Kwa kila kozi kinaonyesha sifa za kuingilia, muda na ada. Chuo kikitaja kwa simu ada tofauti na iliyoandikwa humo, hilo pekee ni la kuulizia.

Hesabu ya mfuko

Ada ndiyo watu huuliza, na ada ndiyo sehemu rahisi. Juu yake kuna chumba, chakula, nauli, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo imekuwa Sh50,400 kwa mwaka, michango ya chuo, na kwa fani hii kuna kitu kingine ambacho mwanafunzi wa ualimu anaweza kuishi bila hicho: kompyuta mpakato. Mwanafunzi wa kuandika programu asiye na mashine yake ni kama mwanafunzi wa ushonaji asiye na cherehani. Si lazima iwe mpya. Iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya aina ya SSD, inatosha kwa miaka mingi, ilimradi ikaguliwe na mtu anayejua betri na kioo. Mpya ya bei ndogo yenye GB 4 itamchosha kabla ya muhula wa pili. Ongeza na bando, ambalo mzazi asipolipangia atalipia tu, kwa simu za saa nne usiku.

Upande wa msaada, mambo yamebadilika na si kila mzazi amesikia. Bodi ya Mikopo (HESLB) ilikuwa ya wanafunzi wa shahada, lakini tangu mwaka 2023/24 inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Orodha ya fani hutolewa kila mwaka, na ni ya kusoma kabla ya kuchagua chuo. Katika bajeti ya mwaka huo huo serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanafunzi inaowapanga DIT, MUST na ATC. Neno "inaowapanga" lina uzito: ni wale wanaochaguliwa kupitia TAMISEMI. Hivyo mtoto anapofungua mfumo wa Selform kubadilisha machaguo yake baada ya matokeo, asiandike tahasusi tu na kuacha nafasi za vyuo zikiwa zimejazwa ovyo. Nafasi hiyo moja inaweza kuokoa kibanja.

Mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe, na mtoto aambiwe hivyo tangu mapema, kwa upole.

Kazi ziko wapi

Swali ambalo mzazi analiogopa ni hili: akimaliza atafanya nini? Jibu la kweli lina pande mbili. Serikalini, Afisa TEHAMA huajiriwa kwa shahada, na matangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira. Kagera ina halmashauri nane. Hata kila moja ikiwa na maofisa kadhaa, nafasi zinazofunguka kwa mwaka mkoani ni chache, na waombaji wanatoka nchi nzima. Anayemsomesha mtoto TEHAMA kwa matumaini ya kiti Muleba au Manispaa ya Bukoba peke yake anacheza bahati nasibu.

Nje ya ofisi ya halmashauri kuna zaidi. Hospitali zimeacha mafaili ya karatasi na kuingia kwenye mifumo. Benki, vyama vya ushirika vya kahawa, viwanda kama Kagera Sugar, shule binafsi, hoteli za kando ya ziwa, wote wana mashine zinazogoma saa mbaya. Maduka yanataka kamera, na watu wanataka intaneti isiyokatika. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita mkoani hapa hadi Mutukula kuunganisha na Uganda. Fundi mwenye stashahada, vifaa vyake na sifa ya kutokimbia na malipo ya awali anaweza kuishi Bukoba na kuitwa Karagwe na Muleba. Anayeandika programu anaweza kumfanyia kazi mteja wa Nairobi akiwa Kashai, lakini kwa hilo anahitaji Kiingereza cha kuandika na miaka ya kazi zinazoonekana. Video za vijana wanaodai walitajirika kwa miezi sita ya kujifunza mtandaoni zisiwe mpango wa familia.

Kuna wanaouliza kama akili mnemba haitachukua kazi hizi zote. Itabadilisha nyingi, hasa zile za kuandika programu rahisi. Haijajifunza bado kupanda kwenye paa la hospitali huko Rubya kurekebisha antena wakati wa mvua.

Miezi ya kusubiri

Kati ya Novemba na Julai kijana yuko nyumbani karibu miezi minane, na hii ndiyo hazina ambayo nyumba nyingi huipoteza. Hapo ndipo familia inaweza kujua, kwa gharama ya bando, kama mtoto anaitaka fani hii au analitaka jina lake.

Kuna mafunzo ya bure. Cisco Networking Academy ina kozi za mwanzo za mitandao na usalama wa mtandao. freeCodeCamp hufundisha kutengeneza tovuti kuanzia sifuri, na Chuo Kikuu cha Harvard kimeweka wazi somo lake la utangulizi, CS50, ambalo ni gumu na halina huruma. Mengi yake ni kwa Kiingereza, jambo ambalo lenyewe ni kipimo. Baadhi yanaweza kuanzwa kwenye simu, ingawa mtoto atahitaji kompyuta ya kuazima mara mbili tatu kwa wiki. Upande wa mikono, amwombe fundi wa kompyuta mjini amruhusu kukaa dukani, bila mshahara, afagie, afungue mashine, aone wateja wakigomba.

Mzazi hahitaji kuelewa anachosoma. Anahitaji kutazama jambo moja: programu ikikataa kufanya kazi kwa siku mbili, mtoto anafanya nini? Wapo wanaoifunga na kusema mtandao ni mbovu. Wapo wanaokosa usingizi. Wa aina ya pili wasomeshwe fani hii hata kama alama zao ni za wastani. Wa aina ya kwanza wanaweza kuwa wahasibu au wauguzi wazuri sana, na ni afadhali kujua Machi kuliko kujua baada ya ada ya miaka miwili.

Kwa mabinti kuna kikwazo cha ziada, na hakiko shuleni. Kaka anaachwa na simu ya nyumba jioni nzima wakati dada anamenya ndizi. Baada ya miezi minane ndugu hao hawalingani, na watu husema wavulana wana vipaji vya kompyuta. Saa mbili kwa siku zilizotengwa kwa ajili yake, zenye kuheshimiwa na bibi na wageni pia, zinatosha kubadilisha matokeo hayo.

Karatasi zisisubiri Agosti

Jambo la mwisho linaonekana dogo. Kwa mila za Kihaya mtoto anaweza kuwa na jina lake la ukoo lisilofanana na la baba, na majina hayo huandikwa kwa tahajia tofauti kadiri karani anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha NECTA kinasema vile, kitambulisho cha NIDA cha mama kina herufi iliyozidi. Siku ya kuomba mkopo, HESLB inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na taarifa za mdhamini, na majina yasipolingana ombi linakwama. Marekebisho huhitaji kiapo na muda, wakati mwingine wiki, na dirisha la mkopo halimsubiri mtu. Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa aanze Februari, ofisi ya mkuu wa wilaya ikiwa haina foleni.

Vyuo vya kati hupokea wanafunzi wapya mwishoni mwa mwaka, na baadhi huwa na awamu ya pili Machi. Fedha za kahawa ya robusta nazo huingia katikati ya mwaka. Familia itakayotenga ada ya muhula wa kwanza Julai, kahawa ikiwa bado inaanikwa, haitakuwa inatafuta mnunuzi wa ardhi Oktoba. Ikikosa hapo, ipo Machi.